Virusi vya surua dhidi ya saratani

Hivi ni virusi dhaifu vya chanjo ya surua ambavyo protini yake ya nje, H, imeundwa upya ili ishike seli za uvimbe na kuziacha seli zenye afya. Chimbuko la wazo la kutumia surua dhidi ya saratani liko jirani na Kenya: mwaka 1971 Avrum Bluming na John Ziegler waliripoti kutoka Uganda mtoto ambaye uvimbe wake wa Burkitt, aina ya saratani, ulinywea alipougua surua.

Kwa kawaida H hushika vipokezi vilivyo juu ya seli, CD46 na SLAM. Mwaka 2005 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwamba mshiko huo unaweza kuzimwa, kisha H ikapachikwa kipande cha kingamwili kinachotambua alama za seli za uvimbe kama EGFR au CD38.

Kinga ndiyo kikwazo kigumu. Watoto wa Kisii na Nyamira, kama wenzao kote Kenya, huchanjwa surua wakiwa na miezi 9 na 18. Kingamwili zinazowalinda, nazo ni hazina isiyopaswa kuguswa, zinaweza kuvinasa virusi vya tiba kabla havijafika kwenye uvimbe. Hivyo watafiti wamejaribu kuvivika protini za nje za virusi jamaa, vile vya distempa ya mbwa.