Noti halali na noti bandia: mambo ambayo mashine ya fotokopi haiwezi kunakili

Msimu wa mavuno ndipo fedha taslimu hutembea zaidi vijijini. Mnunuzi anafika na gari jioni, magunia yanapimwa haraka haraka, na mkulima anahesabiwa burungutu la elfu kumi kumi jua likiwa limezama. Humo ndani ikiwamo noti bandia, hasara ni ya aliyeipokea. Ukiipeleka benki haibadilishwi: inazuiwa, nawe hupewi nyingine.

Wengi wakipewa noti huangalia picha. Tembo yupo kwenye elfu kumi, kifaru yupo kwenye elfu tano, basi wanatia mfukoni. Hapo ndipo mtu anapoliwa, kwa sababu picha ndicho kitu pekee ambacho skana na printa ya rangi zinajua kunakili. Karatasi yenyewe, unene wa wino na vitu vilivyofichwa ndani haviwezi kupita kwenye mashine. Kwa hiyo anza na hivyo.

Shika karatasi. Karatasi ya daftari hutokana na miti, lakini noti zetu hutengenezwa kwa karatasi ya pamba. Ndiyo maana noti ikisahaulika kwenye suruali ikafuliwa hutoka nzima, wakati karatasi ya kawaida ingekuwa uji.

Kisha paruza kwa ukucha kwenye maandishi makubwa na picha kuu ya upande wa mbele. Sehemu hizo huchapwa kwa bamba la chuma lililochongwa. Wino hujazwa kwenye michongo, halafu karatasi inakandamizwa kwa nguvu kubwa hadi inauchukua wino ule. Matokeo yake wino unasimama juu ya karatasi kama vipele vidogo. Noti ya printa ni laini kote, kama ukurasa wa gazeti. Hata asiyeona anaweza kufanya jaribio hili.

Sasa washa tochi ya simu na uiweke nyuma ya noti. Kwenye noti za toleo la 2010, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu, sehemu isiyo na picha itaonyesha sura ya Mwalimu Nyerere pamoja na thamani ya noti. Hiyo ndiyo alama ya maji. Haikuchapwa kwa wino wowote. Iliwekwa karatasi ikiwa bado majimaji kiwandani, kwa kuifanya iwe nene hapa na nyembamba pale, ndiyo maana mwanga hupita kwa kiasi tofauti. Ufundi huu ni wa kale. Mafundi wa karatasi wa mji wa Fabriano, Italia, waliutumia tangu karne ya 13. Mghushi hujaribu kuichora sura hiyo kwa wino wa kijivu. Dawa yake ni rahisi: laza noti mezani. Alama ya kweli hufifia sana isipomulikwa kwa nyuma; ya kuchorwa inaendelea kukutazama.

Kwa mwanga uleule utauona uzi wa usalama. Umepita ndani ya karatasi, ukichungulia nje vipande vipande, lakini ukimulika unaungana kuwa mstari mmoja. Kwenye bandia mara nyingi ni rangi ya fedha iliyopakwa juu, na ukucha unaweza kuikwangua. Kwa wanaouza mazao mpakani, noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina alama ya maji ya kichwa cha simba, na uzi wake hubadilika kutoka nyekundu kwenda kijani ukiinamisha noti.

Vile vitaa vya mwanga wa zambarau vinavyouzwa madukani vinasaidia, lakini visikutawale. Karatasi ya kawaida hung'aa chini yake kwa sababu imetiwa dawa ya kuifanya nyeupe, na karatasi ya noti haing'ai hivyo. Tatizo ni kwamba sabuni ya unga nayo ina dawa kama hiyo. Noti halali iliyofuliwa inaweza kung'aa na kukataliwa bure.

Pia usichanganye noti bandia na noti iliyoondolewa. Noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, kama ile ya 500 yenye nyati, zilikuwa halali, lakini Benki Kuu ilizikusanya kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025. Mnunuzi akikupa hizo leo, ni kweli hazikughushiwa, lakini dukani hazinunui hata kiberiti.

Ukishuku noti kabla mzigo haujapakiwa, irudishe papo hapo na uombe nyingine. Kama mnunuzi amekwisha ondoka, iweke kwenye bahasha, andika uliipata lini na kwa nani, kisha uipeleke polisi au benki. Usimsukumie mwenye duka, maana kuitumia huku ukijua ni bandia ni kosa la jinai, hata kama na wewe ulitapeliwa.

Vyeti na hati navyo vina kinga zake. Baadhi huchapwa kwa nukta kubwa na ndogo zilizochanganywa hivi kwamba jicho linaona rangi moja tu. Mashine ya fotokopi inazikosa zile ndogo na kuzishika kubwa, na neno lililofichwa linajitokeza kwenye nakala. Lakini kwa hati ya ardhi, kwa maoni yangu, karatasi isikutoshe hata ikiwa nzuri namna gani. Anayetaka kukuuzia shamba kwa hati ya hakimiliki ya kimila, nenda naye masjala ya ardhi ya kijiji mkalinganishe jina, namba na mipaka na kumbukumbu zilizopo pale, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.