Tarehe ya Sauti Yenye Mipaka

Kipaza sauti, tangu Peter Jensen na mwenzake Edwin Pridham walipokidhihirisha mbele ya halaiki mjini San Francisco mwaka 1915, kilikusudiwa kueneza maneno ya mmoja yawafikie wengi bila ya kubagua; lakini mafundi waliorithi kazi hiyo waling'amua kwamba sauti isiyo na mipaka aghalabu hugeuka udhia, ndipo wakatafuta hila ya kuiongoza.

Hila hiyo ilidhihirika katika kanisa kuu la St Paul's, London, ambalo kuba lake lilirudisha mwangwi kwa sekunde nyingi hata mahubiri yakawapotea waliokaa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mafundi Parkin na Taylor, waliotakiwa kuondoa taabu hiyo, hawakuzidisha nguvu za sauti, kwani kufanya hivyo kungalizidisha mwangwi. Walivipanga vipaza sauti wima, kimoja juu ya kingine, ndani ya sanduku refu jembamba, ili mawimbi yake yasaidiane kuelekea kwa waumini na yafutane kuelekea darini. Fauka ya hayo, sauti ya masanduku ya mbali waliichelewesha kidogo, kwa kuwa Helmut Haas alikwisha kubainisha mwaka 1949 kwamba sikio huinasibisha sauti na upande ilikotangulia kutoka. Hivyo aliyeketi nyuma akadhani anamsikia mhubiri mwenyewe, wala si sanduku lililo ubavuni mwake.

Ama elimu ya kunyamazisha sauti kwa sauti iliyo kinyume chake, Mjerumani Paul Lueg alikwisha kuipatia hataza Marekani mwaka 1936. Mwaka 1997 Druyvesteyn na Garas, huko Uholanzi, wakaandika juu ya sauti ya mtu binafsi isiyohitaji vifaa vya masikioni. Na mwaka 2002 Choi na Kim wa Korea Kusini wakatoa hesabu ya kukipa kila kipaza sauti kadiri yake ya nguvu na ya kuchelewa, hata mahali pamoja pajae sauti na jirani yake pabaki kimya.

Hata hivyo maumbile yana amri yake: wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3.4 hivi, na safu fupi ya vipaza sauti haiwezi kuliongoza. La mitetemo 10,000 lina sentimita 3.4 tu, nalo hupotoka vipaza sauti vikiachana zaidi ya nusu ya urefu huo. Basi msomaji, ukiahidiwa kwamba abiria wawili wa gari moja watasikiliza mambo mawili bila ya kuingiliana hata chembe, uliza kwanza habari ya sauti nene.