Lantana

Lantana (jina la kisayansi: Lantana camara) ni kichaka cha familia Verbenaceae. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Ilisambazwa duniani kama pambo la bustani na uzio, na sasa imo katika orodha ya IUCN ya spishi vamizi 100 mbaya kabisa.

Utambuzi

Mahali penye msimu mmoja wa mvua, kama Lisekese na maeneo mengine ya Masasi na Newala, sura ya mmea huu hubadilika sana katika mwaka. Wakati wa masika hautatizi: majani hukaa mawili mawili yakikabiliana, yana kingo zenye meno, hukwaruza yakiguswa na hutoa harufu kali yakifikichwa. Katika kishada kimoja maua machanga ya katikati huwa ya njano, na yale ya pembeni yaliyokomaa huwa ya rangi ya machungwa, waridi au nyekundu. Matunda ni ya kijani, kisha huwa meusi yenye kung'aa.

Kiangazi kikikolea majani hupukutika, na hapo shina ndilo la kutazamwa. Matawi machanga yana pembe nne, na mara nyingi vijiiba vilivyopinda; mashina ya zamani huviringika, kwa hiyo hayasaidii. Penye unyevu, kama yanapomwagwa maji ya jikoni, huweza kuchanua mwaka mzima.

Lantana viburnoides, ambayo ni ya asili ya Afrika, hufanana nayo lakini ina maua meupe na haina miiba. Haifai kung'olewa kwa kudhaniwa kuwa ni vamizi.

Madhara na udhibiti

Majani yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ngozi ya mnyama aliyeyala huungua kwa jua. Hatari huzidi malisho yanapoadimika. Matunda mabichi ni hatari kwa watoto. Katika mashamba ya mikorosho kichaka huleta usumbufu wa pekee, kwani korosho huokotwa chini.

Ndege kama shore hula matunda na kuangusha mbegu chini ya miti wanamotua. Miche itafutwe huko kwanza. Kufyeka au kuchoma hakutoshi, maana kisiki huchipua tena. Hung'olewa na mizizi yake mvua za kwanza zinapolainisha udongo, kabla matunda hayajaiva.