Kigawe cha Shirika: Safari ya Dhana ya Hesabu kutoka Chuoni hadi Skulini Kisiwani Pemba

1. Utangulizi

Historia ya elimu kisiwani Pemba mara nyingi huelezwa kana kwamba hesabu ilianza siku zilipofunguliwa skuli za serikali. Maelezo hayo hayatoshi. Dhana ambayo mwanafunzi wa skuli ya msingi huisoma kwa jina la kigawe kidogo cha shirika, au KDS kwa kifupi, ilikuwa ikitumika na Waswahili kabla ya skuli hizo, katika kugawa mirathi na katika kuhesabu siku. Mhadhara huu unaifuatilia dhana hiyo, jina lake na lugha iliyotumika kuifundisha.

2. Mirathi na miongo

Sheria ya mirathi ya Kiislamu imeweka mafungu maalumu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Marehemu akiacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, mke hupata thumni, mama sudusi, na mtoto huchukua kinachobaki. Kadhi hawezi kuanza kugawa mpaka apate idadi inayogawika kwa 8 na kwa 6 bila ya baki. Idadi ndogo kabisa ya namna hiyo ni 24, nayo huitwa asili ya masala. Mke hupata mafungu 3, mama 4 na mtoto 17. Ikiwa shamba lina mikarafuu 240, mke atapata 30, mama 40 na mtoto 170.

Wanavyuoni wa faraidhi waliipangia kazi hii kanuni. Walitazama uhusiano wa idadi mbili kwa njia nne: kulingana, moja kuingia ndani ya nyingine, kuafikiana katika kigawo, na kutengana kabisa. Sita na nane huafikiana katika 2. Kwa hiyo nusu ya moja huzidishwa kwa nyingine, yaani 4 mara 6. Hiyo ndiyo KDS, ingawa haikuitwa hivyo. Elimu hiyo iliandikwa pia kwa Kiswahili: kitabu cha Mirathi cha Sheikh Ali Hemed al-Buhry wa Tanga kilichapwa Nairobi mwaka 1923.

Mfano wa pili ni kalenda ya wakulima na mabaharia wa mwambao. Mwaka wa Nairuzi huhesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku, na miongo 36 pamoja na siku tano hutimiza siku 365. Juma lina siku 7. Mwongo ukianza Ijumaa, mwongo mwingine utaanza Ijumaa baada ya siku 70, kwa kuwa 70 ndicho kigawe kidogo cha shirika cha 7 na 10. Na kwa kuwa 365 hugawanywa kwa 7 ikabaki 1, Nairuzi husogea siku moja ya juma kila mwaka. Ndiyo maana mwaka uliweza kuitwa kwa siku uliyoingia.

3. Istilahi na umbo lake

Istilahi yenyewe inastahili kuchambuliwa. Kigawe na kigawo vinatokana na kitenzi kimoja, gawa, na vinatofautiana kwa irabu moja tu. Hapo ndipo wanafunzi huchanganyikiwa. Hata hivyo, irabu hiyo ina kazi. Kiambishi -e hudokeza kinachotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mtume ni aliyetumwa. Kiambishi -o mara nyingi hudokeza cha kutendea: kizibo huzibia, kifuniko hufunikia. Kwa hiyo kigawe ni kinachogawiwa na kigawo ni cha kugawia: 24 ni kigawe cha 6, na 6 ni kigawo cha 24. Mwalimu anayeeleza viambishi hivyo huwa amefundisha hesabu na sarufi kwa pamoja.

Neno shirika lina tatizo la aina nyingine. Katika Kiarabu, istilahi ya dhana hii hutumia neno la mzizi huohuo, lenye maana ya kushirikiana. Lakini kwa mtoto wa Pemba, shirika kwanza ni Shirika la Taifa la Biashara, mnunuzi wa karafuu. Asipoambiwa kwamba hapa shirika ni hali ya idadi mbili kukutana katika kigawe kimoja, atalikariri neno bila ya maana.

4. Lugha ya kufundishia

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bure, na watoto wengi wa mashamba wakapata nafasi ya kusoma. Kiswahili kilikuwa lugha ya skuli za msingi. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hoja ya sera ilikuwa kumwandaa mwanafunzi kwa sekondari, nayo si hoja ya kudharauliwa. Gharama yake ni kwamba mtoto aliyeanza kuelewa kigawe kwa umbo la lugha yake hupewa neno ambalo kwake halina mzizi wala viambishi, wakati uleule anapotakiwa kulitumia neno hilo kujumlisha sehemu.

5. Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba Kiswahili pekee kitamaliza matatizo ya hesabu. Inaonesha jambo dogo zaidi lakini la hakika: kwamba Kiswahili kilikwisha kuibeba dhana hii, katika faraidhi, katika miongo na katika istilahi za skuli, na kwamba njia hizo tatu hazijaunganishwa darasani. Mtoto aliyemwona babu yake akihesabu miongo, au aliyeshuhudia shamba la karafuu likigawiwa warithi, haiendei KDS mikono mitupu. Mtaala wa lugha yoyote utakaopuuza akiba hiyo utakuwa unaanza upya kazi ambayo jamii ilikwisha kuianza.