Kitabu cha Wafalme kinaishia kwenye posho

Vijana wa makanisa yetu hapa Dzaleka wanapenda sana habari za wafalme. Daudi na Goliathi wanaijua wote, hata mtoto wa miaka sita atakuigizia lile kombeo. Sulemani na wale wanawake wawili waliogombania mtoto wanaijua. Eliya na moto wa mlima Karmeli, hiyo ndiyo usiseme. Lakini ukiwauliza kitabu cha Wafalme kinaishaje, kundi zima linanyamaza. Mimi nafanya kazi na vijana, na swali hili nimeliuliza mara nyingi. Wengine wanajibu kwamba kinaisha hekalu likiungua. Wako karibu, lakini bado hawajafika.

Kinaisha na mfalme mkimbizi anayepokea posho.

Jina lake ni Yehoyakini. Alitawala Yuda miezi mitatu tu, akiwa kijana wa miaka 18. Mwaka 597 KK Nebukadneza, mfalme wa Babeli, akauzingira mji wa Yerusalemu, akamchukua yeye, mama yake, wakuu wake, askari na mafundi. Yerusalemu wenyewe ukabomolewa miaka kama kumi baadaye. Yehoyakini alikaa kifungoni mpaka mwaka wa 37 wa uhamisho wake. Ndipo mfalme mpya wa Babeli, Evil-Merodaki, akamtoa gerezani, akazungumza naye kwa upole, akamvua nguo za kifungo, akamkaribisha mezani pake na kumpangia posho ya kila siku. Basi, kitabu kimeisha. Hakuna safari ya kurudi nyumbani, hakuna vita ya ukombozi.

Na hii si habari ya kanisani peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani wakiongozwa na Robert Koldewey walichimba magofu ya Babeli, katika nchi tunayoiita leo Iraki. Walikuta vibao vya udongo vyenye hesabu za ghala la mfalme. Mwaka 1939 msomi mmoja, Ernst Weidner, alichapisha baadhi yake. Ni orodha za mgao: nani amepewa mafuta, na kiasi gani. Humo limo jina la Yehoyakini, mfalme wa Yuda, na wanawe watano wametajwa pia. Wamo watu wa Ashkeloni, wa Tiro, wa Misri, wamo mabaharia na maseremala, kila kundi na taifa lake. Sisi wa Dzaleka hatuhitaji mwalimu wa kutueleza hiyo ni orodha ya namna gani. Foleni yake tunaijua.

Sasa fikiri. Kama tukio la mwisho la kitabu limetokea Babeli, basi aliyekimaliza alikuwa ameshaonja uhamisho, au amelelewa na watu waliouonja. Wamepoteza nchi, wamepoteza nyumba, wanakula cha kupewa. Wanakaa chini kuandika jibu la swali ambalo kila mkimbizi analo: tulifikaje hapa?

Wangeweza kujibu kwa neno moja: Babeli. Na wasingekuwa waongo, maana ni Babeli iliyochoma mji. Lakini hawakuishia hapo. Wakamwandika Daudi, mpendwa wao, pamoja na mke wa Uria na kifo cha Uria mwenyewe. Wakamwandika Sulemani na hekalu lake zuri, na pia watu aliowatumikisha kwa nguvu ili lijengwe. Wakamwandika Manase, mfalme wa ukoo uleule wa Daudi, kwamba alijaza Yerusalemu damu ya watu wasio na hatia. Hao wote ni wa kwao. Historia yao waliiandika bila kuwafichia wakubwa wao aibu.

Hili ndilo somo la kwanza, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Hapa kambini tuko Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wahabeshi, Wasomali. Kila kundi lina historia yake, na karibu katika kila historia mfalme mbaya ni wa wengine. Nimeona mtoto aliyezaliwa hapahapa, ambaye hajawahi kuuona mto wala mlima wa kwao, akikataa kukaa benchi moja na mwenzake kwa sababu ya lugha inayozungumzwa nyumbani kwa yule. Huyo mtoto hakuona vita. Vita aliisikia jioni, kutoka kwa watu wazima wanaomaliza chakula na kuanza kuhesabu dhambi za upande mmoja tu.

Mimi ni Mkongomani, basi nianze na wa kwetu. Mobutu alichukua madaraka Novemba 1965. Bado kuna wazee wanaosema wakati wake tulikula vizuri. Inawezekana walikula. Lakini mwaka 1972 alikataza majina ya Kikristo, na Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipopinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata, Novemba 1973, serikali ilichukua maduka na mashamba ya wageni ikawagawia wakubwa na marafiki zao. Ile ni habari ya Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, imefanyika nchi nzima. Na tukumbuke kwamba Ahabu hakumwua Nabothi kwa mkono wake. Barua ziliandikwa, wazee wa mji wakaitika, mashahidi wa uongo wakapatikana, watu wakarusha mawe. Mfalme mbaya peke yake hafiki mbali. Anahitaji watu kama sisi.

Somo la pili linahusu wachungaji na manabii. Ahabu alipotaka kwenda kupigana Ramothi-Gileadi, aliita manabii kama 400. Wote wakasema nenda, utashinda. Alibaki mmoja, Mikaya mwana wa Imla, ambaye Ahabu alikuwa hampendi kwa sababu hamtabirii mema. Mikaya akasema ukweli, akapigwa kofi mbele ya watu, akapelekwa gerezani kula mkate na maji kidogo. Ahabu akaenda vitani, akafa.

Habari hii inatuhusu kwa ukaribu, maana ardhi tunayolala juu yake ilikuwa gereza. Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa mahali pa kufungia watu wa siasa wakati wa Kamuzu Banda. Jina lenyewe watu wengi hulieleza kwamba maana yake ni kama kusema, sirudii tena. Banda alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri, na tangu mwaka 1971 alikuwa rais wa maisha. Mtu mzima alipaswa kuwa na kadi ya chama, na asiye nayo alipata taabu hata sokoni na kwenye basi. Mashahidi wa Yehova walikataa kuinunua kwa ajili ya imani yao. Dhehebu lao lilipigwa marufuku mwaka 1967, wakapigwa, nyumba zikachomwa, na mwaka 1972 maelfu yao wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Makanisa makubwa kwa sehemu kubwa yalinyamaza. Waliokuwa wanateswa hawakuwa wa kwao.

Ikapita miaka 20. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992, maaskofu Wakatoliki wa Malawi wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona walisomesha barua moja katika makanisa yao nchi nzima. Ilizungumza juu ya pengo kati ya tajiri na maskini, hali ya shule na hospitali, na woga wa watu kusema ukweli. Maaskofu wakaitwa na polisi na kuhojiwa. Kuwa na barua ile kukahesabiwa uchochezi. Monsinyori John Roche, raia wa Ireland, akafukuzwa nchini. Lakini safari hii hawakubaki peke yao. Wapresbiteri na Waanglikana walijitokeza, na Waislamu pia wakaingia katika kamati ya pamoja ya kuzungumza na serikali. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi. Mwaka huohuo wa 1994 Dzaleka ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Yaani tunaishi mahali ambapo Mikaya wengi walikula mkate wao.

Najua kuna ndugu watakaonijibu: Daudi alikataa kumgusa Sauli, kwa sababu ni mpakwa mafuta wa Bwana. Andiko hilo linatumika sana hapa kambini, hasa pale muumini anapouliza sadaka imekwenda wapi. Turudi tulisome lote. Daudi alikataa kumwua Sauli, ndiyo. Lakini alisimama ng'ambo akamwita kwa sauti, mbele ya askari wake, akamwambia wazi kwamba anamwinda bure. Na Daudi mwenyewe alipokuwa mpakwa mafuta, Nathani alimwendea akamwambia dhambi yake usoni. Daudi hakumfukuza. Kuheshimu mtu wa Mungu na kumuuliza swali vinakaa nyumba moja.

Somo la tatu ni la sisi vijana. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, alikwenda Shekemu kufanywa mfalme, na watu wakamwomba awapunguzie mzigo wa baba yake. Wazee wakamshauri akubali. Vijana wenzake wakamwambia aongeze ukali. Akawasikiliza vijana, na makabila kumi yakaondoka. Ufalme ukapasuka, mwaka 930 KK hivi, na haukuungana tena. Wazee wetu wanapenda kutusomea habari hii! Lakini angalia vijana wale walikuwa nani: walikua pamoja na mfalme, mzigo waliusikia kwa majina tu. Hapa Malawi mambo yalikuwa kinyume. Septemba 1964, wiki chache baada ya uhuru, mawaziri vijana ndio waliopinga siasa za Banda, na mzee ndiye aliyekataa kusikia. Baadhi wakafukuzwa kazi, wengine wakajiuzulu, kisha wakakimbia nchi. Mmoja wao, Kanyama Chiume, aliishi Tanzania miaka mingi akaandika na vitabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo umri peke yake hauleti hekima. Muulize anayekushauri kama amewahi kuubeba mzigo anaousemea. Na tukutanapo na ndugu zetu Wamalawi tujue kwamba nao wana wazee waliowahi kuwa wakimbizi.

Ukifika Lilongwe utaona kaburi la Banda limejengwa vizuri, na uwanja wa ndege una jina la Kamuzu. Wamalawi wengi wanamkumbuka kwa barabara na shule, na wanakumbuka magereza pia. Kitabu cha Wafalme kinafanya hivyohivyo: mema yanaandikwa, mabaya yanaandikwa, jina ni lilelile.

Mtu atasema, sisi hapa hatuna wafalme. Tunao, wadogowadogo. Anayeandika orodha ya majina ana ufalme. Kiongozi wa bloku, mwenyekiti wa kamati, mkuu wa kwaya, mimi ninayechagua vijana wa semina, wote tuna kiti kidogo. Samweli aliwaonya Waisraeli kwamba mfalme atachukua: wana, mashamba, mifugo. Kila mwenye kiti ajipime kwa neno hilo moja. Na ninyi ndugu wa mashirika, mliangalie lile la Evil-Merodaki: kabla ya posho, alizungumza na mtu. Posho yetu imepunguzwa mara kadhaa, na tunajua sababu nyingine ziko mbali na uwezo wenu. Mazungumzo ya upole hayana bajeti.

Kwenye kundi letu tumeanza kazi moja ndogo. Kila kijana anamwendea mzee wa kwao na kumuuliza: watu wetu, upande wetu, walikosea nini? Wazee wengine wanakasirika. Wengine wananyamaza muda mrefu, kisha wanaanza kusema. Tunaandika kwenye daftari, bila majina. Kurasa bado ni chache, lakini Warundi wameandika, Wanyarwanda wameandika, na ukurasa wa Wakongomani umejaa pande zote mbili.