Chumba Baridi, Seva Moto

Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa na kampuni moja hapa Nairobi kuandika programu. Lakini mwajua mambo ya ofisi: ukionekana unajua kompyuta, unakabidhiwa na funguo za chumba cha seva. Kiyoyozi kilikuwa digrii 16, tukiingia na makoti, na bado seva za safu ya nyuma zilizimika kwa joto. Usiku mmoja diski mbili zikaharibika. Nakala hatukuwa nazo, kazi ya wiki nzima ikapotea. Nikaandika barua ya kuomba kiyoyozi cha pili.

Kabla barua haijajibiwa, nikaanza kusoma historia.

Joto ni tatizo kongwe. ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma huko Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na valvu karibu 18,000 na ilitumia kilowati 150 hivi. Umeme unaoingia kwenye kompyuta karibu wote hutoka ukiwa joto, kwa hivyo ilibidi iwekewe feni kubwa. Mwaka 1985 Cray-2 ilikuja na saketi zilizozamishwa ndani ya kioevu kisichopitisha umeme!

Seva za kawaida zilifuata njia rahisi: poza chumba kizima. Makabati yakapangwa kama madawati ya darasani, yote yakitazama mbele. Kumbe seva huvuta hewa kwa mbele na kuitoa kwa nyuma, basi kila safu ikawa inapumua joto la iliyo mbele yake. Mwaka 1992 Robert Sullivan wa IBM alipendekeza safu zigeuzwe zitazamane: kijia kimoja cha hewa baridi, kinachofuata cha hewa moto. Basi.

Mwaka 2007 shirika la Green Grid likaeneza kipimo cha PUE: umeme wote wa jengo ugawanye kwa umeme unaofikia kompyuta. Ukipata 2, kila uniti inayofanya kazi ina mwenzake anayeishia kwenye viyoyozi na kwingineko. Mwaka 2008 ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, kikasema seva zafaa kupewa hewa ya digrii 18 hadi 27. Mwaka 2011 Facebook ilifungua kituo huko Prineville, Oregon, kinachopozwa kwa hewa ya nje na maji yanayovukizwa. Mwaka huohuo Google ilianza kutumia maji ya bahari huko Hamina, Ufini, katika kiwanda cha zamani cha karatasi.

Nilirudi kazini Jumamosi na mwenzangu. Tukageuza makabati, tukaziba mianya kwa mbao nyembamba, tukapandisha kiyoyozi hadi digrii 24. Seva hazikuzimika tena kwa joto, na ile barua nikaiondoa mwenyewe. Data haikurudi.

Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Je, chumba chenu kiko digrii ngapi, na makabati yanatazama wapi?