Madeni yakizidi mshahara: ushauri unapatikana wapi?

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, watu wanaomaliza mwezi bila kukopa ni wachache. Mwalimu anachukua unga na mafuta kwenye butiki ya mtaa, anaandikwa ndani ya kaye. Motari analipa pikipiki ya tajiri kidogo kidogo, jioni kwa jioni. Mama anayeuza makala anapewa magunia, anauza kwanza, ndipo anarudisha pesa. Hakuna ubaya ndani ya hayo, biashara nyingi zinatembea hivyo. Shida inaanza siku mtu anakopa kwa huyu ili alipe yule, kisha anakwenda kwa wa tatu ili wale wawili wa kwanza wanyamaze. Kuanzia hapo hesabu inamshinda, haya inamfunga mdomo, na mara nyingi familia inapata habari wakati kiwanja kimekwisha kuuzwa.

Ufaransa na Ubelgiji zina sheria kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: anaweza kuomba mpango mmoja wa kulipa wadai wote, akisaidiwa na mshauri wa madeni. Ufaransa ilianza mwaka 1989, Ubelgiji mwaka 1998. Kongo haina biro ya serikali ya kazi hiyo. Lakini ushauri wenyewe upo, ila umetawanyika: kidogo kwa ajenti wa mikopo wa COOPEC, kidogo kwa kamati ya AVEC, kidogo kwa wanasheria, kidogo kwa wazee na viongozi wa dini. Anayejua nani anasaidia kwa jambo gani hapotezi muda kugonga milango isiyo yake.

Namna deni linavyokua

Mkopo unaoua haraka kuliko yote ni ule wa banque Lambert. Jina hilo lilikuwa la banki ya kweli huko Ubelgiji, ambayo mwaka 1975 iliungana na nyingine. Kongo jina limebaki, lakini sasa ni la mtu anayekopesha nyumbani kwake, bila kibali, kwa riba anayoamua mwenyewe. Hauliziwi karatasi nyingi, na pesa unapata siku hiyo hiyo. Ndiyo maana watu wanakimbilia kule wakati mtoto amelazwa hospitali.

Tuseme mtu amechukua dola 100 kwa makubaliano ya kurudisha 130 mwisho wa mwezi. Mwezi unaisha, mshahara umechelewa, anapata 30 tu. Mkopeshaji anapokea zile 30 kama riba na kumwambia arudi mwezi ujao na 130 zingine. Ikienda hivyo miezi sita, mtu amekwisha kutoa dola 180, na deni bado ni 100 kama siku ya kwanza. Wengi waliokwama hapo wanasema “ninalipa kila mwezi”, na ni kweli wanalipa. Ila deni lenyewe halijaguswa hata dola moja.

Ndani ya AVEC, kama kikundi kimepanga riba ya dola 5 kwa 100 kila mwezi, mtu huyo huyo angetoa 30 kwa miezi sita, na riba hiyo inabaki ndani ya sanduku. Mwisho wa mzunguko inagawanywa kwa wanachama, na yeye akiwa mmoja wao.

Kwenye taasisi za mikopo midogo kuna jambo lingine la kuuliza kabla ya kuweka sahihi: riba inahesabiwa juu ya nini? Kwa mkopo wa dola 300 wa miezi sita, riba ya 3 kwa 100 kila mwezi juu ya mkopo wote ni dola 54. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki baada ya kila malipo, inakuwa dola 31 na nusu. Asilimia ni ile ile kwenye karatasi, lakini mfukoni si sawa. Ajenti anayekataa kueleza hilo waziwazi, afadhali kuacha mkopo wake.

Mshahara kwa franga, deni kwa dola

Jambo hili linasahauliwa sana. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa imepita 1,500. Aliyekuwa na deni la dola 50 alianza akihitaji franga 46,500 ili kulimaliza. Chini ya miaka miwili baadaye deni hilo hilo lilihitaji zaidi ya 75,000, na mshahara wake wa franga haukupanda kwa mwendo huo. Hakukopa tena, hakuchelewa, lakini deni lilimkimbia. Franga inaweza pia kupanda, na hapo mdaiwa anapata nafuu, lakini hakuna anayeweza kumuahidi. Mtu anayelipwa kwa franga aombe mkopo wa franga pale inapowezekana. Kama haiwezekani, asikope mpaka kikomo cha uwezo wake.

Kazi ya mshauri

Mshauri mzuri haanzi kwa kutoa pesa, wala kwa kulaumu. Anaanza na kaye. Anaomba kila deni liandikwe: nani anadai, kiasi gani kilichukuliwa, kiasi gani kimekwisha kulipwa, riba ni ngapi, pesa ni franga au dola, rehani ni nini, siku ya mwisho ni lini. Madeni ya butiki yaandikwe, na yale ya shemeji pia, hata kama “hayana haraka”. Inachukua saa moja au mbili. Ni hapo mtu anatambua kwamba yale madogo saba yakikusanywa yanapita lile moja kubwa lililokuwa linamnyima usingizi.

Kazi inayofuata ni ngumu zaidi, juu inagusa nyumba nzima. Mume na mke wanakaa pamoja na kuandika pesa inayoingia kweli, siyo ile inayotumainiwa. Wanatoa chakula, nyumba, dawa, masomo. Kinachobaki ndicho cha kulipia madeni, na kama ni franga 40,000 basi ni 40,000. Kumuahidi mdai 100,000 ili aondoke mlangoni ni kutengeneza uongo wa mwezi ujao.

Kisha mshauri anapanga zamu. Deni lenye riba kali, au lililowekewa rehani ya kiwanja au vyombo vya kazi, linakwenda mbele. Motari akipoteza pikipiki hatalipa mtu yeyote tena. Wadai wengine wanatembelewa kabla ya siku ya malipo, siyo baada yake, na kila mmoja anapewa kitu kidogo pamoja na tarehe. Wadai wengi wanakubali. Mwenye butiki anapendelea franga 5,000 kila wiki kuliko mteja anayebadilisha njia ili asipite mbele ya duka.

Nani yuko karibu

Kwa mkopo wa COOPEC au wa taasisi ya mikopo midogo, mlango wa kwanza ni ajenti aliyetoa mkopo. Anaweza kupendekeza kwa wakubwa wake muda uongezwe au malipo yapunguzwe, lakini anahitaji barua na sababu inayoonekana: ugonjwa, kuhama kwa sababu ya vita, bidhaa zilizoporwa. Ni vizuri kuhakikisha mapema kwamba taasisi yenyewe ina kibali cha Banki Kuu ya Kongo. Sheria ya tarehe 15 Septemba 2011 juu ya kazi ya mikopo midogo inadai hivyo.

AVEC ni shule nzuri ya madeni. Njia hiyo ilianza Niger mwaka 1991 na shirika CARE, ikaenea Afrika nzima. Watu 15 mpaka 25 hivi wanaweka akiba mbele ya wote, ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kwa kawaida mwanachama hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Kuna pia kasha la kusaidiana wakati wa msiba au ugonjwa, na hilo ndilo linalozuia mtu kukimbilia Lambert usiku. Lakini AVEC haipendi kubeba deni la nje, na kamati ina haki ya kukataa. Ukikopa ndani ya vikundi vitatu kwa wakati mmoja, umerudia ugonjwa ule ule.

Kwa mambo ya sheria, barreau za Kongo zina biro za ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Pasta, padri, imamu au mzee wa mtaa anaweza kuwa shahidi wa makubaliano mapya, na neno lake linatuliza hasira. Makubaliano yaandikwe hata hivyo. Sheria ya mikataba ya Kongo, ya tangu tarehe 30 Julai 1888, inasema kwamba walichokubaliana watu kihalali ni sheria kwao.

Jihadhari na yule anayeomba pesa kwanza ili “afute” madeni yako, zaidi kama amekuja kwa simu. Ushauri wa kweli haufuti deni.

Polisi na kasho

Wadai wengi wanakwenda polisi, na wadaiwa wengi wanalala kasho kwa sababu ya dola 50. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kukosa pesa si kosa la jinai. Kudanganya ili kupata pesa, au kuuza kitu ulichowekewa uaminifu, ni jambo lingine, na hilo linaadhibiwa. Riba ya kunyonya mtu aliye katika shida, nayo inaadhibiwa na sheria, ingawa Lambert wachache wanaona tribinali.

Njia ya mdai ni tribinali. Huko mdaiwa naye ana haki: sheria za OHADA, zinazotumika Kongo tangu Septemba 2012, zinamruhusu jaji kuahirisha au kugawanya malipo katika muda usiozidi mwaka mmoja, akiangalia hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai. Ila ni lazima uombe. Anayepata karatasi ya tribinali na kuificha chini ya godoro anapoteza haki hiyo, kwani siku za kupinga ni chache.

Wakati banki zimefungwa

Mwisho wa Januari 2025 Goma, kisha katikati ya Februari Bukavu, miji ilipoangukia mikononi mwa M23, banki zilifunga milango. Watu wenye akiba walishindwa kuigusa, na wenye madeni walishindwa kulipa. Vita haifuti deni. Lakini inabadilisha mazungumzo, kwa sharti mdaiwa awe na alama: barua iliyopokelewa, ujumbe wa simu wenye tarehe, orodha ya malipo ya zamani. Aliyehama aache namba yake kwa mkopeshaji. Kimya ndicho kinachofanya aonekane mwizi.

Na siku deni linapokwisha, kazi bado moja. Mkopeshaji aandike “imelipwa yote”, aweke tarehe na sahihi, mbele ya shahidi yule yule wa mwanzo. Karatasi ya kiwanja irudi mkononi siku hiyo hiyo. Kama alikuwa ameshika kadi ya banki, namba ya siri ibadilishwe kabla ya mshahara unaofuata.